Santuri za Opera za Papa

Mjukuu wangu Amisi,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: ninakuonea wivu. Nina miaka kumi na sita tu, lakini mimi ni bibi yako, maana baba yako ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Hapa Kisangani tuko wazima. Papa, baba yangu, anakohoa kidogo.

Umeuliza kama santuri za opera, alizoachiwa Papa na yule Mgiriki mwenye duka alilofanyia kazi, zina thamani, kwa kuwa zitakuwa zako wewe uliyebeba jina lake. Nilizipeleka sokoni kwa tonton mmoja, mzee anayeuza santuri. Akaipiga moja, akacheka: "Mutoto, huyu mama iko nalia tu! Watu iko nataka kucheza. Bon, rudisha nyumbani."

Nilifurahi. Nikataka kukuandikia kwamba hazina thamani yoyote, basi, ili uziache kwetu.

Lakini Jumapili Papa aliweka moja kwenye gramafoni, akanieleza kama kawaida: yule mama anayeimba anapanda mashua kwenda Yangambi kwa mchumba wake. Papa hajui kusoma. Mimi nimesoma Kifaransa cha kwenye jalada, na mle yule mama anakufa.

Njoo likizo, uzisikie Papa angali anaeleza. Bila yeye ni kelele tu. Wivu bado ninao, maana utakalia kiti changu kando yake.

Nasikia ndara zake mlangoni. Karatasi hii nilikuwa naificha chini ya kitabu. Sasa naiacha wazi. Atataka nimsomee, kama barua zote. Nitamsomea yote, hata wivu wangu, isipokuwa pale yule mama wa santuri anapokufa.

Bibi yako