Usikuje na Direkta

Mujukuu wangu Furaha,

Babu yako anakusalimia, na usicheke. Umenizidi miaka, unasoma masta ya elimu kule Lubumbashi, mimi shule iliniacha darasa la sita. Lakini babu aliyezaa mama yako njo kaka yangu, kwa hiyo heshima kwanza! Mama yako amepona muguu, anagombana tena na wauza samaki.

Unauliza kwa nini watoto wa shule ya Katanika walinyamaza ulipowauliza kama waliokimbia vita wanatendewa sawa shuleni. Na profesa anasema bila majibu yao kazi yako inaanguka.

Sikia. Mugeni kama wewe aliingia darasani kwetu. "Kuna anayeonewa hapa?" Mwalimu alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, anatutazama. Riziki, rafiki yangu aliyekimbia vita toka Nyunzu, alikuwa anakalia vumbi, sisi wa mujini tuko kwenye viti. Mimi, mwenye mudomo kuliko wote, nikaanza kusimama. Riziki akanivuta kaptura.

"Kaa! Huyu Papa mugeni anarudi kwake. Mwalimu anabaki na mimi."

Nikakaa. Mugeni akashukuru, akaenda na furaha yake.

Sasa wewe, mwenye akili nyingi, uliingia Katanika na nani? Na direkta, mukuu wa shule yenyewe!

Riziki leo anakaanga mandazi bandarini. Anasema atakueleza yote, na wale watoto atawaita yeye mwenyewe, maana wanamujua. Ila ukikuja na direkta, yeye hakujui, na mimi si babu yako.

Babu Ilunga, kijana kuliko wewe