Mstari Ambao Sijaufuta

Mpendwa Mama Mwende,

Sijakuandikia tangu tulipokuwa wachumba, na hata wakati ule ulinicheka kwamba barua zangu zilifanana na hati za mahakama. Kazi ya ukalimani mahakamani iliniacha hivyo. Siwezi kuandika sentensi bila kuikagua. Utanivumilia. Nakuandikia kukushukuru.

Nakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa umestaafu ukarani wa stoo, ukawa unakaa dirishani katika chumba cha mwisho tulichokijenga hapa Dandora, simu mkononi, ukitazama bei za hisa. Nilidhani ni kamari ya watu wazima. Hukubishana nami. Ulinikaribisha kiti, ukanionyesha mstari wa wastani, ule unaochukua bei za wiki kadhaa na kuzilainisha, ili mtu auone mwelekeo badala ya kelele za siku moja. Nilinaswa. Haukupita muda nikawa nimeijaza chati yangu vipimo vya kila aina vya kukisia bei, hata bei yenyewe ikawa haionekani.

Siku moja nilikuambia kwa fahari kwamba tununue hisa za benki fulani, kwa kuwa vipimo vitatu vilikubaliana kuwa bei imeshuka kupita kiasi. Uliendelea kupepeta ndengu, kisha ukaniuliza kama hakimu:

"Baba Mwende, hao mashahidi wako watatu, habari wamezitoa wapi?"

Nilikiri kwamba vyote vitatu hukokotolewa kutokana na bei ileile ya kufunga soko.

"Basi una shahidi mmoja aliyebadilisha koti mara tatu."

Nilicheka, maana nilikuwa nimetafsiri maneno ya mashahidi wengi waliokubaliana la kusema nje ya mahakama. Ukanifundisha kumwita shahidi wa namna nyingine: wingi wa hisa zilizouzwa. Ukaniambia pia kwamba bei iliyochoka kushuka si lazima iwe imeanza kupanda. Huenda inapumzika tu kabla ya kuendelea na safari yake. Na kabla ya kununua chochote, ulikuwa ukifuta mistari yote, ukaitazama bei peke yake, kisha ukachora mstari mmoja mwekundu chini yake. Soko likifunga Ijumaa chini ya hapo, tunauza na kutoka. Katikati ya wiki hatushtuki.

Ulipofariki, uliacha hisa za kampuni moja ya saruji pamoja na mstari wake mwekundu. Hospitali ilikuwa imemaliza akiba yetu, kwa hiyo hisa hizo ndizo zilizokuwa karo ya mwaka wa mwisho wa Mwende katika chuo cha uuguzi. Mwaka huu, karo ikiwa imekaribia, bei ilianza kuteremka.

Jirani yetu Abdi, yule mwenye duka la jumla, alikuwa na hisa zilezile. Alinisimamisha langoni, akanishauri nisiuze, bali niongeze nyingine zikiwa rahisi. Nilimweleza habari za mstari wako. Akatabasamu.

"Mzee, wewe unamwogopa marehemu kuliko hasara."

Sikukasirika. Laiti angejua kwamba sikutaka kuziuza hata kidogo! Zilikuwa kitu cha mwisho ulichonichagulia. Nilirudi ndani nikaanza kutafuta kipimo kitakachoniambia ningoje. Nikapata kimoja, nikapata cha pili, na nilipopata cha tatu nikakusikia ukiniuliza habari wamezitoa wapi. Nikavifuta vyote.

Ijumaa soko lilifunga chini ya mstari wako, na hisa zilizouzwa zilikuwa nyingi kuliko wiki zote zilizotangulia. Hao walikuwa mashahidi wawili wasiojuana. Jumatatu niliuza.

Mwende aliporudi jioni alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Baba, umeuza za Mama?"

"Nimefanya alivyoagiza Mama."

Aliketi kwenye kiti chako cha dirishani, akakaa hapo mpaka chai ikapoa.

Bei iliendelea kushuka, ingawa sijivuni. Ulinionya kwamba kipimo ni shahidi, si nabii. Hata kama ingepanda siku iliyofuata, karo ya mtoto haikuwa ya kubahatishwa. Imelipwa. Siku hizi Mwende anafanya mazoezi ya kazi wodini, anarudi na miguu imevimba, naye ananisimulia wagonjwa wake kwa sauti inayofanana na yako. Abdi naye, tukikutana, huniuliza mashahidi wangu wanasemaje. Nami humjibu kwamba wako wawili tu.

Nakushukuru kwa subira yako na mwanafunzi mkaidi. Nilidhani umenifundisha kusoma bei, kumbe ulikuwa ukiniandalia namna ya kuamua siku ambayo usingekuwapo.

Limebaki jambo moja. Hisa tusiyokuwa nayo haihitaji mstari, ulinifundisha hivyo. Lakini kila nikiifungua chati ile, mstari mwekundu upo palepale ulipouchora kwa kidole chako. Pumzika, mke wangu. Kanuni zako nyingine zote nimezitii. Hiyo moja uniachie.

Mumeo,
Baba Mwende