Birika Lililojaa Maji

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Huku Lyamkena baridi imetubana, babu yako habanduki jikoni, na ng'ombe wetu amezaa.

Unauliza kama ninyi mnaofanya kazi na huyo dada uliyeniandikia habari zake mtoe taarifa kwamba mbunge alimshika kwa nguvu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa sokoni, nilihudumu katika hoteli ya chakula hapa Makambako pamoja na Sekela. Mheshimiwa mmoja akija alikula katika chumba cha ndani, na kila mara alitaka Sekela ndiye amnawishe mikono. Wivu ulinichoma! Mimi nilikuwa mzuri kumzidi. Alipopewa kitenge, nilimnunia.

Siku moja akatoka mle ndani analia, birika mkononi bado limejaa maji. Nikasema moyoni, anadeka huyo. Mama Zuhura, mpishi wetu, alimkalisha akamuuliza, "Mwanangu, amekufanya nini?" Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha, "Unataka tukaseme?"

"Nikienda peke yangu hawataniamini," Sekela akajibu.

Tukaenda polisi sote watatu. Yaliyofuata hayakuwa mepesi, ila hakwenda peke yake.

Basi muulize mwenzako kwanza. Akitaka, mwende naye.

Wivu wangu kwa Sekela uliisha siku ile. Ninayemwonea wivu mpaka leo ni Mama Zuhura, ingawa yuko kaburini. Lile birika tuliliona sote limejaa, lakini yeye ndiye aliyeuliza.

Bibi yako anayekuwaza