Ngazi Saba za Yamumbi

Jumatatu, 12 Februari 1968

Tairi ya baiskeli imepasuka tena. Nimeisukuma mpaka Yamumbi, nimefika vibarua wameketi wanapiga domo. Nimefoka. Ngazi ya sita imekaa vizuri. Kesho ya saba, halafu mlango wa holi ya mikutano.

Mwenyekiti wa kampuni iliyonunua shamba hili amekuja kukagua. Anataka ngazi saba kwa sababu nyumba ya mzungu aliyewauzia ilikuwa na saba. "Tumenunua shamba, tumenunua na ngazi." Memba aliokuja nao wakaendelea kwa Kikuyu, wakacheka. Mimi pia nikacheka, bila kujua ninachocheka. Chakula nimekula peke yangu kando ya stoo ya simiti. Mwezi wa nne huu nakula hivyo.

Jumatano, 14 Februari

Ngazi zimeisha. Kazi safi. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna wa kuniambia.

Leo amekuja Mama Wambui, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa. Miguu yake ilikufa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, zaidi ya hapo hasemi. Anakaa kwenye kigari cha mbao, anasukuma magurudumu kwa mikono. Mikono minene kuliko yangu. Akasimamisha kigari chini ya ngazi, akazihesabu kwa sauti mpaka saba. Kisha: "Fundi, mimi nimelipa hisa kama hawa. Nitaingilia wapi?"

Niliinama nikajifanya naosha mwiko. Aibu bado imenikaa.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeuliza, nimeelezwa. Kura ya mashamba ni tarehe mbili Machi, ndani ya holi. Kila memba anaingia, anatia mkono kwenye kofia, anatoa namba ya shamba lake mbele ya wote. Asiyeingia, komiti inamtolea. Na waliotolewa na komiti kwenye kura ya kwanza walipata wapi? Bondeni, kwenye maji. Wagonjwa wawili na mjane mmoja. Eti bahati. Bahati gani hiyo inayojua nani hayupo!

Nimemwambia mwenyekiti tuweke mteremko kando ya ngazi. Alinitazama kama nimemtukana. Mteremko wanaoujua hapa ni ule wa mzungu wa kupakia ng'ombe kwenye lori. "Sisi si ng'ombe, fundi. Huyo mama atabebwa."

Mama Wambui anasema alishabebwa mara moja kama gunia, na inatosha.

Jumapili, 18 Februari

Sikwenda kanisani. Kila nyumba hapa mtaani kwangu, West Indies, iko na wageni leo, nasikia vicheko kupitia ukuta. Kwangu kimya.

Nimemfikiria Adhiambo siku nzima. Mke wangu. Kule nyumbani nilimjengea nyumba ya mawe na ngazi tatu mbele, ndefu, kila mpita njia ajue hapa ni kwa fundi. Alipopooza upande mmoja alikaa ndani miaka mitatu. Kila Krismasi nikifika namgombeza, mbona hutoki ukaota jua? Anajibu amechoka tu. Mwaka jana tulimzika. Siku hiyo ndiyo aliyoshuka zile ngazi, mabegani kwa watu.

Mimi ni mjinga. Na sikujua mpaka Jumatano.

Jumanne, 20 Februari

Nimejenga mteremko bila ruhusa. Mawe yaliyobaki na changarawe. Haraka haraka, futi kumi tu, vile tunavyolaza mbao ya kupandishia wilbaro ya simiti. Mama Wambui akajaribu. Katikati kigari kikarudi nyuma, nikakidaka kwa kifua. Kiwiko chake kimechubuka. Vibarua walicheka, wapumbavu.

Alinitukana kwa Kikuyu, na ingawa lugha siijui, nilielewa kila neno. Kisha kwa Kiswahili, polepole: "Umepima ukuta. Hujanipima mimi."

Alhamisi, 22 Februari

Nimebomoa. Leo nimempima yeye.

Nililaza mbao ndefu, nikainua ncha moja kwa vipande vya mawe, yeye anapanda. Nikaongeza, akapanda. Nikaongeza, mikono ikamtetemeka. Nikapunguza. Hapo. Kupanda inchi moja, uende mbele futi moja. Ngazi saba, kila moja inchi sita: futi arobaini na mbili! Mteremko utazunguka mpaka kona ya holi. Kwenye kona naweka mahali tambarare apumue. Miaka ishirini najenga, na sijawahi kumuuliza mtu mkono wake unachokea wapi.

Alileta githeri, mahindi na maharagwe. Tumekula pamoja. Nilikula sahani mbili.

Jumatatu, 26 Februari

Mwenyekiti ameuona mteremko mpya. Amefoka mbele ya vibarua, eti nimeharibu sura ya holi. Nibomoe kabla ya Jumamosi ama niende zangu. Nimemwambia anifukuze Jumapili. Sikuacha mwiko.

Mawingu kutoka upande wa Timboroa. Simiti bado mbichi. Nimeifunika kwa magunia, na koti langu juu yake. Nimerudi nimelowa chapachapa.

Ijumaa, 1 Machi

Imekauka. Hakuna aliyekuja kubomoa. Nimepanda na kushuka mara kumi kama mwehu.

Jumamosi, 2 Machi

Kura. Watu wamejaa mpaka nje. Mwenyekiti juu ya ngazi zake saba, kofia mkononi. Mama yake mzazi akafika na fimbo yake. Akatazama ngazi. Akatazama mteremko. Akapita mteremko, hakumuuliza mtu. Baada ya hapo sikusikia tena habari ya ng'ombe.

Mama Wambui akapanda. Kwenye kona akasimama, akajifuta jasho, holi nzima ikingoja. Alikataa kusukumwa. Mlango walifungua upande mmoja tu, akapita kwa shida. Akatia mkono kwenye kofia, akatoa karatasi.

Bondeni. Kwenye maji kabisa.

Jamani. Nilitaka kulia. Yeye alisoma karatasi mara mbili, akaiweka kifuani, akacheka. "Nitapanda nduma, zinataka maji. Na nimetoa kwa mkono wangu."

Akitoka alinionyesha vidole vilivyochubuliwa na mlango. "Mlango wako ni mwembamba, fundi." Asante hakusema. Ana haki, nilipima mteremko nikasahau mlango.

Jumapili, 3 Machi

Hakuna aliyenifukuza. Holi imeisha tu, na kazi yangu Yamumbi imeisha nayo. Nimefua mashati. Nimeziba tairi. Majirani wana wageni tena.

Pasaka nitakwenda nyumbani. Nitabeba mwiko, pima maji na mfuko mmoja wa simiti. Ngazi ni tatu tu, mteremko hautakuwa mrefu. Ndugu yangu ataniuliza namjengea nani, na mwenyewe hayupo.

Aulize.