Sifuri za Zuhra

Jumatatu, 2 Desemba
Saa sita mchana. Nshauza majora mawili ya kitambaa, nshaangalia simu mara tisa. Hatua za Zuhra: 1,340. Kuanzia saa tatu na nusu, sifuri.

Mwanangu ana miaka kumi na sita, na pumu tangu mdogo. Tunakaa juu ya duka hapa Mlandege. Vumbi la vitambaa lilimziba kifua, nikampeleka Bwejuu kwa mama yangu. Miezi minane sasa. Daktari kamvisha bangili ya kuhesabu hatua, mimi nazisoma huku kwenye simu. Haivuliwi, hata kuoga anaoga nayo. Wastani ukifika elfu saba kwa siku mpaka tarehe 16, atarudi, shule asome huku. Majora yote nshayatoa juu, nimeyashusha dukani. Chumba chake nshakipaka rangi.

Jioni nimempigia. "Unalala tu?"
"Silali, mama. Nnatembea."
Bangili haisemi hivyo.

Jumanne, 3 Desemba
2,905. Sifuri tena, zaidi ya saa mbili. Simu haipokewi. Nikamuona kichwani mwangu kalala chini, hapumui, na bibi yake hajui pampu ya pumu iko wapi. Bi Salma wa duka la pili ananicheka: "Wewe umezaa mtoto au umezaa simu?" Watoto wake watano wanakula kwake.

Zuhra kapiga alasiri. Mzima. Nikamfokea mpaka nikaona haya.

Jumatano, 4 Desemba
3,010. Nimepika wali wa mtu mmoja, na bado umebaki.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimekaa na kalamu. Jumatatu sifuri zimeanza saa tatu na nusu. Jumanne saa nne na dakika tano. Jana saa nne na dakika arobaini. Leo saa tano na robo. Kila siku zinasogea dakika thelathini na tano. Ugonjwa hauendi hivyo. Wala uvivu. Maji ya bahari ndiyo yanayokwenda hivyo. Ni bamvua, maji yanatoka mbali, wanawake wanashuka kwenye mwani.

Mimi nimevuna mwani tangu nina miaka kumi na mbili. Nimetoka kule kwa mikono yangu, hakuna aliyenisaidia. Niliapa mwanangu hataugusa. Nina hasira.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimefunga duka, nimekwenda Bwejuu bila kuwaambia. Bangili inaning'inia msumarini, kando ya mlango. Mama anasuka ukili wa mkeka. Kaitikia shikamoo yangu kama vile niliondoka jana.

Nikashuka pwani. Zuhra anapanda kutoka majini, gunia la mwani kichwani, anataniana na wenzake. Pampu kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikahesabu: hatua 640 bila kusimama. Nyumbani kwangu ngazi kumi na nne zilikuwa zinamshinda.

Nikamuuliza, "Bangili maji hayaiharibu. Kwa nini unaivua?"
Kainama. "Nikiivaa itafika elfu saba, mama."

Nilifahamu: hataki kurudi. Mama yangu akasema, "Usimkasirikie. Huku kapata pumzi."

Nimerudi peke yangu. Chumba bado kinanuka rangi.

Jumatatu, 16 Desemba
Kwa daktari, mimi na Zuhra. Kasema wastani hautoshi, basi asubiri. Ningeweza kunyamaza, lakini hesabu ya uongo siiwezi. Nikamwambia bangili huvuliwa, nikampa hesabu zangu za pwani. Kamsikiliza kifua. Kizuri. Anaweza kurudi nikitaka.

Zuhra alikuwa anatazama sakafu. Nikasema atabaki kule. Ila bangili aivae.

Njiani kanishika mkono. Hajanishika mkono tangu ana miaka kumi.

Jumanne, 17 Desemba
Bamvua tena. Saa nne na dakika tano, hatua hazikusimama. Saa sita: 5,860. Saa saba: 7,212.

Hakupiga. Nami sikupiga. Simu nimeiweka kwenye droo, nikaendelea kukunja vitambaa.

Majora nimeyaacha chini. Huenda akaja Sikukuu ya Idi.