Kilo Tisini na Nane

Jumatatu, 3 Novemba
Kliniki. Mizani yao imeishiwa betri. Janepher, mkunga, Mganda, akauliza nina kilo ngapi. Nikasema tisini na nane. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye sandali. Akaandika.

Jumanne, 4 Novemba
Nimejipima kwenye mizani ya magunia, dukani mtaa wa New Site. Mia moja ishirini na moja. Marvin wangu akasema labda ni uzito wa mtoto. Mume wangu ni mtu mwema.

Alhamisi, 6 Novemba
Daktari Lubega ameeleza. Sindano ya mgongo ya kutuliza maumivu nitadungwa mapema, kwa sababu ya mwili wangu mkubwa — lakini dawa kidogo, miguu ibaki na nguvu, nitembee mtoto ashuke. Nikafurahi! Halafu akaongeza: aliyepita kilo mia hatembei, analala. Akianguka, nani atamwinua?

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikauliza choo kiko wapi.

Cheryl, mtoto wangu wa kwanza, nilimhangaikia saa kumi na nne, nimelala chali, mwisho wakanipasua. Kidonda kilikaa wazi miezi mitatu. Sitaki kisu tena. Naogopa, basi.

Jumapili, 9 Novemba — saa tatu asubuhi
Uchungu ulianza alfajiri. Sindano imeingia jaribio la tatu. Daktari, nyuma yangu, akasema hii tisini na nane ina kina sana.

Maumivu hakuna! Nimeinua mguu huu, na huu. Nimekunja magoti, nimesimama. Janepher akapiga makofi. “Twende, mama. Mimi iko na wewe.”

Saa nne na nusu
Mizunguko sita ya korido. Njia ya mtoto ilikuwa imefunguka sentimita nne, sasa sita! Mkono wangu ulikuwa begani kwa Janepher. Janepher hafiki kilo hamsini.

Mzunguko wa saba, goti la kushoto likalegea. Ghafla tu. Ukuta ndio ulionishika. Janepher alikuwa chini ya kwapa langu, kati yangu na sakafu, akisema pole, pole mama. Eti pole.

Amenikalisha. Goti limerudi. Anataka tuendelee. Ningenyamaza — lakini nikianguka, namwangukia yeye.

Nimemwambia. Mia moja ishirini na moja.

Kumbe alijua tangu Jumatatu. Alidhani mimi ndiye nisiyejua. Akaenda mlangoni, akamwita mama wa usafi, yule mwenye mabega: “Adeng! Wacha hiyo mopu. Kuja, bega ya pili!”

Adeng amekuja akijifuta mikono. “Yala, twende,” amesema. Wamesimama, mmoja huku, mmoja huku.

Daktari Lubega ametokea. Anauliza bega la pili ni la nini. Janepher anamwelekeza kwangu. Wote watatu wananitazama mimi, nami bado naandika.