Mlango wa Bi Mwajuma, Suruali Yangu

Shikamoo mama,

Jua la Kisarawe ni kali, ila leo nimetamani likaze zaidi. Nimekuja kukarabati nyumba ya kale ya Bi Mwajuma. Nilimsihi kwa simu asiguse chochote, hasa mlango wa mninga uliochongwa na babu yake. Nimeukuta umepakwa rangi ya kijani, unang'aa!

"Mgeni wa heshima apite mlango mchakavu, mwanangu?" akaniuliza Bi Mwajuma.

Nikajitupa barazani.

"Na hapo hapajakauka," akasema, nikiwa nimeshakaa.

Sasa nimesharudi Kibaha, nakula chipsi mayai nimesimama. Mlango tutaukwangua taratibu, utapona. Ila ile suruali uliyonishonea ya kuwatembelea wateja, mama, tuiombee.

Nakukumbuka sana,
Mwanao msanifu majengo, kijani kwa nyuma